Sikio Halijui Kuandika

Ndugu Mwenyekiti, walimu mliofika, na ninyi nyote mnaoandika Kiingereza kwa sababu ya kazi, masomo au kulazimika tu, habari za asubuhi.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua ya kuomba kazi. Niliihangaikia barua ile siku mbili nzima. Nikapanga aya, nikapima kila sentensi, nikaipitisha kwenye programu ya kusahihisha tahajia, na kompyuta ikanyamaza kimya, hakuna hata mstari mmoja mwekundu. Nikatuma. Wiki moja baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikaifungua tena na macho yakatua juu kabisa, pale pa salamu. Nilikuwa nimeandika "Dear Hiring Manger". Herufi a moja ilidondoka njiani. Sasa "manger" kwa Kiingereza ni hori, lile la kulishia ng'ombe. Kwa hiyo nilikuwa nimeliandikia hori, kwa heshima zote, nikiliomba linipe kazi. Mpaka leo halijanijibu.

Mnacheka, sawa. Lakini tazameni kwa nini kompyuta haikuniambia kitu. "Manger" ni neno halali, limo kwenye kamusi. Programu ile ilijua neno lipo. Kwamba silo nililokusudia, hilo halikuwa shauri lake. Ndivyo "form" inavyokalia kiti cha "from", na "loose", yaani kulegea, inavyokaa mahali pa "lose", yaani kupoteza. Mtu anaandika kwamba hataki kupoteza nafasi, kumbe ameandika kwamba hataki kuilegeza.

Darasani tulipokosea tahajia tuliambiwa ni uzembe. Nimeacha kuamini hivyo. Sisi tumelelewa na lugha isiyoficha kitu. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja ina sauti yake, asubuhi ni ileile na jioni ni ileile. Ukilisikia neno, umekwisha kujua namna ya kuliandika, labda ubabaike kidogo kwenye dh na th, au r na l. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti zipatazo 44, na katika hizo, sauti za irabu peke yake zinakaribia 20. Hapo sikio letu, ambalo halijawahi kutuangusha, linageuka shahidi wa uongo. Wala halijui kwamba linadanganya.

Nanyi mnaweza kushangaa nikisema kwamba Kiingereza nacho zamani kiliandikwa kilivyosikika. Neno "name" liliwahi kutamkwa karibu kabisa na vile Mswahili asiyejua Kiingereza angelisoma: na-me, a ikivutwa. K ya "knife" ilitamkwa. Gh ya "night" ilitamkwa, ikikwaruza kooni kama kh. Kisha, kuanzia karne ya 15 hadi ya 17 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zikahama makao, karibu zote. Na katikati ya uhamaji huo, mwaka 1476, William Caxton akafungua mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu nchini Uingereza, pale Westminster. Uchapaji ukaanza kuzigandisha herufi, sauti zikaendelea na safari yake. Tunachoandika leo, kwa sehemu kubwa, ni picha ya mdomo wa mtu aliyekufa miaka 500 iliyopita.

Halafu wakaja wasomi, na hawa sijawasamehe. Neno "debt", deni, liliingia kutoka Kifaransa likiandikwa "dette", bila b yoyote. Wasomi wakaona vema watu wakumbushwe kwamba asili yake ya mbali ni Kilatini, "debitum", wakachomeka b. Hakuna aliyewahi kuitamka. Ndivyo ilivyoingia b ya "doubt" na p ya "receipt". Lakini kisa cha "island" ndicho kinachoniudhi zaidi. Hilo ni neno la Kiingereza cha kale lisilo na undugu wowote na Kilatini, na kwa karne nyingi liliandikwa bila s. Watu wakadhani linatokana na "insula" kwa sababu linafanana na "isle", neno jingine kabisa, basi wakalipa s ya bure. Mwanafunzi anayeandika "iland" anakatwa alama, na ni haki akatwe, ila kihistoria yeye ndiye mkweli.

Hata Shakespeare hakuwa na msimamo. Sahihi zake zilizobaki ni 6, na hakuna hata moja yenye tahajia ya jina lake tunayoitumia leo. Wakati ule halikuwa kosa. Watu walianza kuhukumiana vikali baada ya kamusi kubwa kuenea, hasa ile ya Samuel Johnson iliyotoka London mwaka 1755.

Basi tufanyeje, ikiwa sikio halifai? Jibu langu ni moja, na ndilo lililonileta hapa: kila neno linalokusumbua lina ukoo. Usilihoji likiwa peke yake. Ita ndugu yake aje atoe ushahidi.

Nieleze. Katika Kiingereza, irabu isiyo na mkazo hufifia. Iwe a, iwe e, iwe i, iwe o, ikikosa mkazo humezwa ikawa mguno mfupi usio na sura. Huo mguno ndio sauti ya irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote katika lugha ile, na ndio shimo tunamotumbukia. Chukua "definitely", kwa hakika. Nimeshaiona ikiandikwa "definately", "definetly", "definatly". Mbaya zaidi, wengine wakikosea sana simu huwaletea "defiantly", nao hukubali. Ukimwandikia mkuu wako "I will defiantly attend", umemwambia utahudhuria kwa ukaidi. Sasa ita ndugu: "definition". Sikiliza, de-fi-ni-shen. Mkazo umehamia kwenye ni, na irabu iliyokuwa imejificha imejitokeza mchana kweupe: ni i. Halafu wapo "finish" na "infinity", ukoo wa mwisho na mpaka. Hakuna a hata mmoja mle ndani.

Fanya hivyo kwa "grammar". Mwisho wake ni -er au -ar? Nyoosha neno: "grammatical". Umesikia ma. Kwa hiyo ni -ar. "Similar" ina "similarity". "Author" ina "authority", o imesikika. "Medicine", ambayo wengi huila i ya katikati, ina "medicinal". Na herufi zilizokufa kabisa hufufuka kwa njia hiyohiyo. N ya "condemn" huwezi kuisikia, lakini ipo ndani ya "condemnation"; n ya "autumn" inajitokeza katika "autumnal"; g ya "sign" imelala hadi utaje "signature"; c ya "muscle" inaamka ukisema "muscular".

"Separate" ni neno ambalo nusu ya dunia huliandika "seperate". Ndugu yake ni "prepare". Yote mawili yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini "parare", kuandaa. Kutenga ni kuandaa kando. Weka "par" katika yote mawili, basi. "Government" ni "govern" na "ment", kwa hiyo n ipo hata kama watangazaji wenyewe wa Kiingereza huimeza. "Environment" vilevile, ndani yake mna "environ".

Hapa sasa tunaingia mahali ambapo mzungumzaji wa Kiswahili anawashinda Waingereza wengi, ila hatujui tu. Tangu utotoni tunajua kwamba neno hukatwa. Ukiambiwa "hawakutusaidia", huoni kitu kimoja; unaona ha, wa, ku, tu, halafu saidia. Na ukiambiwa uandike "mmea", unaweka m mbili bila kuuliza, kwa sababu m moja ni ya kiambishi na nyingine ni ya kitenzi kumea. Hukumwuliza sikio. Umeuliza muundo.

Peleka kisu hichohicho kwenye Kiingereza. Neno "misspell", lenyewe likimaanisha kukosea tahajia, hukosewa kila siku. Ni mis- na spell. S mbili, kama m mbili za mmea. "Unnecessary" ni un- na necessary, n mbili. "Dissatisfied" ni dis- na satisfied, s mbili. Lakini "disappear" ni dis- na appear, na "disappoint" ni dis- na appoint: s moja tu, p mbili. Mtu anayeandika "dissapoint" amekosea mara mbili kwa mpigo, na angekata neno mahali pake makosa yote mawili yangeyeyuka pamoja. "Recommend" ni re- na commend, kwa hiyo c moja, m mbili. "Committee" imetokana na commit; lakini "commitment" ina t moja pale katikati, maana ment haina t ya mwanzo ya kuchangia.

"Accommodate" watu huiogopa kama nyoka. Ikate. Mwanzoni kuna kiambishi cha Kilatini "ad", ambacho kikikutana na c hugeuka na kuwa "ac". Kisha "com". Kisha "mod", kipimo, ndugu wa "mode" na "modest". Ac, com, mod. C mbili kwa sababu viambishi viwili vimekutana kwenye c, m mbili kwa sababu com imekutana na mod. Haiwezekani ikawa vingine. "Necessary" nayo, c moja na s mbili, ina ne- ya kukanusha na shina "cess" lile lililomo katika "access" na "process". Ne- haina c ya kuongeza, basi c ni ile moja ya shina. Maana ya awali ni kisichoachika, kisichokwepeka. Tangu nilijue hilo sijawahi kurudi kwenye kamusi kwa neno hilo.

Suala la kurudufu konsonanti mwishoni ni gumu kwetu kwa sababu ya mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na huko ndiko uliko karibu siku zote. Jozi kama barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" zinahesabika kwa vidole. Kwa hiyo hatukufunzwa kuusikiliza. Kiingereza kinautegemea. Kitenzi kikiishia na irabu moja na konsonanti moja, na mkazo ukiwa silabi ya mwisho, konsonanti hujirudia unapoongeza kiambishi kinachoanza na irabu: "begin", "beginning", "occur", "occurred" na "occurrence", "refer", "referred". Mkazo ukiwa mbele, hakuna kurudia: "visited", "offered", "happened". Na mkazo ukirudi nyuma, konsonanti ya pili huondoka nao, ndiyo maana ni "reference", r moja.

Ninapenda kuwakumbusha wale wanaojidharau kwamba kosa la aina hii limo ndani ya intaneti yenyewe. Kivinjari chako kinapofungua ukurasa, kinaweza kuiambia seva kimetokea ukurasa gani, na taarifa hiyo ina jina rasmi: "Referer". Ilipaswa iwe "referrer", r mbili, kwa kanuni niliyoitaja sasa hivi. Aliyependekeza alikosea, kosa likaingia kwenye waraka wa viwango wa mwaka 1996, na kufikia hapo programu zilizolitumia zilikuwa nyingi mno. Hadi leo mtaalamu wa kompyuta akiandika jina hilo kwa usahihi, mitambo haimwelewi.

Kanuni ya i kabla ya e, isipokuwa baada ya c, mmeisikia. Inafaa, mradi uitumie pale tu sauti inapokuwa ii ndefu: "believe", "field", "piece", halafu "receive", "ceiling", "deceit". Ukiitumia nje ya hapo itakuaibisha kwa "science", "ancient" na "neighbour". Na hata ndani ya mipaka yake ina waasi: "seize", "weird", "protein". Waasi ni wachache, wakariri.

Kuhusu alama ya apostrofi nitasema kidogo. Kwetu, ndani ya ng'ombe, apostrofi ni sehemu ya sauti. Kwa Kiingereza, katika "it's", imekaa kaburini mwa herufi iliyoondoka. Ukiweza kusema "it is" au "it has" na sentensi ikasimama, iweke. Isiposimama, andika "its".

Kuna jambo ambalo sijaona likitajwa, nalo ni maneno tuliyoyakopa. Baadhi yake ni walimu wetu wa bure. Waingereza wengi hukosea "February" kwa kuila r ya kwanza, kwa sababu wao wenyewe hawaitamki. Sisi tunasema Februari, r zote mbili ziko wazi. Kwenye "calendar" wanababaika kama ni -er; sisi tuna kalenda, a iko pale mwishoni inatungoja. "Secretary" ina sekretari. Lakini maneno mengine ya mkopo ni wasaliti. Leseni imeshawafanya watu waandike "lesence". Ambulensi imeifukuza a ya "ambulance". Jenereta imezaa "genereta", nami niliwahi kuliona limepigwa rangi kwenye chuma, herufi kubwa.

Na hiyo "licence" ina tatizo lake zaidi. Kwa tahajia ya Uingereza, nomino ina c na kitenzi kina s: "licence" na "license", "practice" na "practise". Ukisahau, waite "advice" na "advise", ambazo sikio linazitofautisha. Marekani wao wameamua: "license" kote, "practice" kote. Tofauti nyingi kati ya pande hizo mbili zina mkono wa Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828. "Color" na "center" zilifaulu kwake. Alitaka pia "tongue" iwe "tung" na "women" iwe "wimmen", hapo Wamarekani wakamwacha peke yake. Chagueni upande mmoja, au ufuateni ule wa mnayemwandikia. Barua yenye "colour" aya ya kwanza na "color" aya ya tatu inasomeka kama imeandikwa na watu wawili wasiosemezana.

Yapo maneno ambayo ukoo hautakusaidia haraka. "Embarrass" ina r mbili na s mbili, "harass" ina r moja na s mbili. Nimeyabandika juu ya meza yangu na sioni aibu. "Supersede" ndilo neno pekee la kawaida linaloishia na -sede, na ni matatu tu yanayoishia na -ceed: "exceed", "proceed", "succeed". Mengine ya sauti hiyo ni -cede. Na mara tu umeizoea "proceed", Kiingereza kinakupa "procedure" yenye e moja. Hapo mimi huweka kalamu chini kidogo.

Wakubwa nao wameanguka. Mwaka 1992, Dan Quayle, Makamu wa Rais wa Marekani, akiwa shuleni mbele ya kamera, alimwambia mtoto aliyekuwa ameandika "potato" sawasawa aongeze e mwishoni. Najua e ile ilikotoka: wingi wake ni "potatoes". Na kabla yake, mwaka 1906, Rais Theodore Roosevelt aliagiza wachapaji wa serikali watumie tahajia rahisi kwa maneno 300, "thru" na "tho" yakiwemo. Magazeti yakamcheka, Bunge likakataa, naye akarudi nyuma. Rais alishindwa, basi msidhani hotuba yangu itakirekebisha Kiingereza.

Kuhusu kukagua, nafanya hivi tangu siku ya hori. Naisoma barua kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, nikipanda juu. Ukisoma kwa mfuatano akili inajaza yenyewe inachotarajia. Ukisoma kinyume, kila neno linasimama peke yake likiwa uchi, na "manger" haiwezi kujificha nyuma ya "hiring". Salamu ndiyo inakuwa ya mwisho, macho yakiwa yamekwisha kuwa makali.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada... Swali zuri. Anasema: ikiwa ndugu hutoa ushahidi, mbona "pronounce" ina ou, na "pronunciation" haina? Hapo ndugu wanatofautiana kweli, na wanatofautiana kwa ukoo mzima: "announce" na "annunciation", "denounce" na "denunciation", "renounce" na "renunciation". Kitenzi kilipita Ufaransa kikabadilika njiani, nomino ikabaki karibu zaidi na Kilatini, "nuntiare", kutangaza. Kwa hiyo dada yangu, katika neno hilo tamka nun, andika nun. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi nakwambia usikilize sikio.